Maziwa ya Mwende

Nilimwonea dada yangu Mwende wivu kwa sababu ya kifafa. Alikuwa anameza dawa na kikombe kizima cha maziwa, sisi wengine tukinywa turungi, chai isiyo na maziwa. Siku mama alisema maombi yamemponya, aache dawa, niliitikia amina kushinda pasta aliyemwombea, nikijua maziwa sasa ni yangu.

Alasiri moja mbaazi zikaanza kunuka kuungua. Mwende alikuwa ameanguka jikoni, anatetemeka, mkono karibu uingie motoni. Mimi nilidhani anajifanya ndio arudishiwe kikombe. Mama alimvuta huku akilia. Hospitalini daktari akamwambia, "Mama, dawa ya kifafa haiachwi bila kuniuliza."

Juzi nilimkuta Mwende, sasa mama wa watoto, akimeza dawa yake na maziwa. Nilipomhadithia haya yote rafiki yangu Mutua, akacheka: "Na juzi pia macho yako yalikuwa kwa kikombe, si ndio?"