Heshima ya Rubani

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya nyumba hapa Morogoro, nikilalamikia tena paa langu linalovuja. Mbele yangu alisimama rubani Mtanzania, kofia kwapani. Yeye na rubani mmoja kutoka Ulaya hupokezana kurusha ndege moja, ile inayonyunyizia dawa mashamba ya miwa kule Turiani. Mgeni, asiye na mke wala mtoto, kapewa nyumba ya vyumba vinne chini ya mlima. Mwenzake kapanga chumba kimoja Mwembesongo na familia yake.

“Mshahara wake sijamuuliza, ndugu,” rubani alimwambia karani taratibu. “Nisije nikapata kizunguzungu nikiwa juu. Naomba tu vile vyumba vya mtumishi nyuma ya nyumba yake. Viko tupu, na mwenyewe amekubali.”

Karani akaweka kalamu chini kama mtu aliyetukanwa.

“Rubani wetu akae vyumba vya boi? Ndugu, unataka kutuaibisha mbele ya wageni?”

Rubani akashukuru, akavaa kofia, akatoka. Heshima ya taifa ikawa imesalimika. Jioni niliiona Mwembesongo, imeshika ndoo, imepanga foleni bombani.