Waliniuliza Kama Alijua Anakula Samaki

Msinipe pole, sikuandika ili mnipe pole. Nilimharibia mwenzangu maisha kwa neno moja, na nililisema nikiwa na akili zangu zote.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta, tukaishi kambini. Mimi ni wa kijiji cha Tlawi, mtoto wa wakulima, na kula samaki nilijifunzia pale kambini. Nyumbani bibi yangu asingeruhusu hata harufu yake! Lakini wanawake wenzangu walikula, na mimi sikutaka kuonekana mshamba.

Nyuma ya kambi kulikuwa na kijito. Kiangazi maji yakipungua, tuliziba juu kwa udongo na magunia matupu, tukakumba maji kwa sufuria mpaka likabaki tope, kisha tukawakamata kambale kwa mikono. Ilikuwa raha, kelele na vicheko tupu.

Uda, nitamwita hivyo, alikuwa mke kijana wa boma la wafugaji ng'ambo ya kijito. Kila asubuhi aliniletea maziwa kwenye kibuyu. Kwao samaki ni nyoka wa majini, na mtu wa kwao akimla hagusi tena kibuyu cha maziwa; mgeni hunawa kwanza. Kwa hiyo kila siku aliniambia, "Nawa mikono kwanza, dada, ndiyo upokee."

Nilinawa, lakini moyoni nilichukia. Yeye ni nani wa kuniona mimi mchafu?

Siku moja nikatwanga kambale mkavu, nikamchanganya kwenye mboga ya majani, nikamkaribisha ugali.

"Nyama gani hii, dada?"

"Mbuzi. Kula tu."

Akala, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akanishukuru! Hapo nikawaita wenzangu, nikatoa kichwa cha kambale nilichokificha chini ya kikapu. "Mbuzi wako huyu hapa," nikamwambia, "ana sharubu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Uda alikimbilia nyuma ya nyumba, akajitia vidole kooni, akatapika mpaka ikatoka nyongo. Nami nikamwigiza anavyotapika. Ndiyo, mimi! Wakacheka zaidi.

Habari zikafika bomani. Baada ya siku mbili akaja mama mkwe wake na mzee mmoja, na Uda nyuma yao, amembeba binti yake mgongoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama. "Hatukuja kugombana. Kama huyu alidanganywa, tunamsafisha, yanaisha. Kama alikula kwa kupenda, kwetu hakai. Sasa wewe mama, sema. Alijua ama hakujua?"

Neno moja tu lilitakiwa! Lakini meneja wa shamba alishatangaza kwamba familia itakayoleta ugomvi na wafugaji itafukuzwa kambini. Nikaiona nyumba yangu ya bati inakwenda. Tena wale wenzangu walikuwa wamesimama pale wananitazama.

"Alijua," nikasema. "Aliomba mwenyewe."

Uda aliniangalia. "Dada?" akasema.

Mama mkwe akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake pale pale mlangoni kwangu. Mtoto aliing'ang'ania nguo, wakambandua vidole kimoja kimoja. Uda akarudishwa kwao upande wa Hirbadaw, mikono mitupu.

Na mimi nilipata nini? Wale waliocheka wakaacha kula kwangu. Mume wangu nilimwambia ukweli, nikidhani atanisifu kwa kumwokolea kazi yake. Loo! Tangu siku ile nikimtengea chakula anauliza, "Hii ni nini?" Amekuwa mzee sasa, meno yameisha, na bado anauliza.

Miaka ilipita. Asubuhi moja akaja msichana mdogo na kibuyu, ametumwa na mke mwingine wa baba yake. Nilimtambua kwa macho, yalikuwa ya Uda. Nikamuuliza mama yake yuko wapi, utadhani sijui!

"Sina mama. Alikula nyoka wa maji." Akainua mabega. "Alijua, akala tu."

Hata hapo ningeweza kusema. Alikuwa amesimama mbele yangu, ananisubiri.

"Nawa mikono kwanza, mama," akaniambia, "ndiyo upokee."

Nikanawa. Nikapokea maziwa, nikamrudishia kibuyu chake, nikafunga mlango.

Ninyi mnaosoma, siku mtakayoulizwa swali ambalo jibu lake litamrudisha mtu nyumbani kwake, msianze kuwaza nyumba zenu. Jibuni hapo hapo! Na kama mlishanyamaza, mfuateni leo, kabla hajahama. Mimi boma lile limeshahama, sijui liko wapi. Na huko liliko kuna mwanamke mzima anayemchukia mama yake kwa uongo wangu.