Fahali wa Meli ya Kwanza

Nilipoacha bahari na kujenga Kitengela, katikati ya miaka ya tisini, mtu wa meli mtaani nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo iliyotoka Mombasa, na pale bucha ya kona nilisogezewa kiti kabla sijasalimia. Nikikohoa tu, walidhani nataka kusimulia.

Meli yetu ilipozeeka iliuzwa kwa bei ya vyuma vikuukuu, na kampuni ikapaka jina lile lile kwenye meli mpya. Lilinichoma hilo. Nilipomweleza mwenye bucha, Mmaasai wa huko huko Kajiado, alitikisa kichwa.

"Sisi mtu akienda, jina yake hatuiti ovyo. Nyinyi mnapatia ingine?"

Nilimpenda sana siku hiyo.

Kisha, miaka ya elfu mbili ilipoanza, kijana aliyefanya kazi kwenye ile meli mpya akahamia ploti iliyopakana na yangu. Kofia yake ilikuwa na jina la meli yangu. Mwezi haukuisha, kiti changu kikawa chake. Nasema wazi: nilimwonea kijicho, tena bila haya. Akianza kusimulia, mimi nakumbuka ghafla kwamba nyumbani mafuta ya taa yamekwisha. Kwa mke wangu niliiponda meli yake, nikaiita bati. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinunua nyama pale buchani, aliendelea kukunja nguo.

Jumapili moja baada ya kanisa, mvua ilinifungia buchani, ikanibidi nisikilize. Alisimulia juu ya fahali waliyempakia melini, akakata kamba katikati ya dhoruba, akashuka ngazi hadi mlango wa injini, na fundi akamfunika macho kwa gunia. Gunia lile nililijua. Lilikuwa la makaa, na aliyelishika ni mimi. Lakini kwake yeye fundi alikuwa yeye mwenyewe, na tena alimwimbia fahali wimbo wa wachungaji mpaka akatulia. Aliuimba wote. Mwenye bucha aliacha kukata nyama.

Mvua ilipokatika nilimfuata barabarani.

"Hiyo ni ya meli ya kwanza," nikamwambia. "Huyo fundi ni mimi."

Alivua kofia. "Nilisikia kwa wazee wa meli yenu, wale walihamishwa kwetu. Yetu ilikaa tu bandarini ikingoja spea, mzee. Sasa mimi niko na nini ya kuambia watu?"

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikamwambia avae kofia, mvua itarudi. Nikaenda zangu nyumbani na kumsimulia mke wangu kisa kizima, kama kilivyotokea, gunia na yote. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipomaliza akachukua kiazi kingine.

"Na ile wimbo?" akauliza. "Jirani akifika hapo kwa gunia, huwa anaimba."