Vidole Si Kiziwi

Kama kuna kitu kilichomchosha Vidole, ni kupigiwa kelele. Tangu atoke hospitalini kila mtu alikuwa akimfokea. Mumewe akimpa chai, anafoka. Dada wa mumewe akija kumjulia hali, anapanua mdomo na kupunga mikono. Lakini kiboko alikuwa jirani. Alimshika bega, akamsogelea sikioni, akapayuka mpaka mate yakamrukia. Vidole alijifuta shavu, akamwambia, "Sikio langu ni zima. Sijaomba kuoshwa."

Na kweli lilikuwa zima! Alisikia bomba la jikoni likidondosha maji. Alisikia pikipiki ikipiga honi kule kwenye kona. Watu aliwatambua kwa sauti kabla hawajaingia ndani. Ila wakianza kuongea, maneno yalimfikia yamevurugika, bwabwabwa tupu, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Yeye mwenyewe alizungumza vizuri, na kusoma alisoma. Sasa mtu kama huyo unamwita kiziwi, una akili kweli?

Alikuwa msusi, na jina la Vidole alipewa na wateja kwa jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, draya moja, kioo kirefu ukutani, na redio iliyokuwa haizimwi. Aliijenga kwa jasho lake tangu akiwa msichana, akisukia watu barazani.

Daktari ndiye mtu wa kwanza ambaye hakumfokea. Alimwandikia kwenye karatasi, Vidole akawa anajibu kwa mdomo. Sikio, aliandika yule mama daktari, linapokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa ishara. Mshipa wa fahamu unazibeba ishara hizo hadi kwenye ubongo. Huko kuna sehemu inayozipanga mpaka ziwe maneno. Kwako, siku ile ulipoanguka, kishipa cha damu kiliziba, na sehemu hiyo ikaumia.

"Kwa hiyo mzigo unafika," Vidole alisema, "ila anayeufungua ndiye mgonjwa."

Daktari alicheka, akaandika: Hasa. Lakini ubongo hujifunza upya. Fanya mazoezi. Watu waongee polepole, mmoja mmoja, na uwaone midomo.

Vidole hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alifungua saluni. Redio akaizima, maana kichwa chake sasa hakikuweza kuchambua sauti ya mtu katikati ya kelele nyingine. Draya nayo, mtu akitaka kusema, inazimwa kwanza. Mteja mmoja alisimama na nywele nusu zimesukwa. "Saluni bila umbea? Si bora nikasukwe makaburini!" Akaondoka. Vidole alimwacha aende na nusu yake.

Waliobaki waliongea wakitazama kioo. Yeye alisimama nyuma yao, mikono inasuka, macho yako kwenye kioo anafuata midomo yao, na kila umbo la mdomo analilinganisha na ile bwabwabwa inayoingia sikioni. Kazi ambayo wewe na mimi tunaifanya bila hata kujua, yeye aliifanya kwa jasho. Ikifika mchana kichwa kinawaka moto. Siku nyingine, wapi! Hata neno moja halishikiki, anatukana chanuo, anaendelea. Siku nyingine neno linajitokeza lenyewe, safi kabisa, na anaruka kama aliyeshinda bahati nasibu.

Sasa huyo wifi yake. Naye alikuwa msusi, ila hakuwa na saluni. Alianza kwa kuja kusaidia. Halafu akakitwaa kiti cha pili. Halafu akawa anawaambia wateja, mbele ya Vidole mwenyewe, "Huyu ni mgonjwa, njooni kwangu." Jamani, kuna watu wana uso mkavu!

Jioni moja wifi aliketi sebuleni na kaka yake. Vidole alikuwa uani anafua taulo, ukuta umemtenga nao. Hakuona mdomo wala uso, na maneno yalikuwa bwabwabwa kama kawaida. Lakini hapo aligundua jambo ambalo daktari hakumwandikia. Sauti ina kitu kingine zaidi ya maneno, na kitu hicho kina njia yake kichwani, njia ambayo haikuguswa. Sauti ya wifi ilijaa asali, ile ile anayoitumia akitaka kuazima kitu. Na ya mumewe ilikuwa nyembamba, inakwama kooni.

Aliingia mikono inachuruzika maji. "Mnaigawa saluni yangu?"

Wifi akamgeukia kaka yake, akaanza kuongea mbiombio.

"Usiongee naye," Vidole alisema. "Ongea na mimi. Polepole, nikuone mdomo."

Wifi alimgeukia. "Wifi yangu. Wateja wanakimbia. Niachie chumba. Wewe upumzike."

"Nikipumzika nitajifunza maneno na nani? Na dari?" Damu ilikuwa inamchemka. "Kile chumba ndiyo dawa yangu. Mkinitoa mle, mmeniziba masikio kwa mikono yenu. Ukitaka kazi, kiti cha pili kipo. Utafanya kazi chini yangu, na redio haiwashwi. Hutaki, mlango ule pale."

Wifi aliutazama mlango, akamtazama kaka yake, akabaki ameketi.

Mumewe muda wote huo alikuwa anaangalia sakafu. Vidole alimwinua kidevu kwa mkono wake wenye povu. "Na wewe? Sema."

Alifungua mdomo afoke, kama alivyozoea. Vidole akatikisa kichwa. Basi mwanamume wa watu akaongea taratibu. Vidole alipata nusu tu.

"Rudia."

Alirudia, macho yamemjaa machozi.

"Rudia tena."

"Naogopa," alisema, neno moja moja. "Naogopa utaanguka tena. Mle ndani. Peke yako. Mimi nisiwepo."

Safari hii yalifika yote. Vidole alisimama akiyasikia, maneno mazima mazima ya mume wake, ya kwanza tangu augue.

"Nimekusikia," alisema. "Hata mimi naogopa. Kesho nafungua."