Upawa wa Nyongeza

Mwaka nilioajiriwa kwenye stoo ya mizigo ya reli pale Nakuru, nilikuwa mwembamba hivi kwamba nikisimama ubavu msimamizi ananiandika sikuja kazini. Hilo ni kweli, au linakaribiana na kweli. Kiangazi, vumbi jeupe la magadi lilipovuma kutoka ziwani, wenzangu walifumba macho. Mimi nilishika nguzo.

Kazi yangu ilikuwa kupaka alama magunia ya mahindi. Nilikuwa na brashi, kopo la rangi nyeusi na bati lililotobolewa herufi. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na cheti chenye muhuri ninacho, waliniita karani, ingawa karani wa haki alikuwa ndani na alikuwa na kiti. Mimi nilikuwa karani wa nje. Magunia yenyewe, ratili mia mbili kila moja, yalibebwa na wapagazi, na mmoja wa wapagazi hao ndiye niliyekaa naye chumba kimoja katika nyumba za reli, zile tulizoziita landi.

Mtu huyo tulitoka naye kijiji kimoja kule magharibi. Tulipanda gari moshi siku moja, na umri wetu ulipishana kwa msimu mmoja wa mvua. Lakini Mungu alipokuwa akigawa nyama, nadhani mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Shingo ya mwenzangu ilianzia masikioni ikashuka mpaka mabegani bila kupita mahali popote pembamba. Mgongoni mwake ungeanika mahindi ya shamba zima la mzungu na nafasi ya kuku ikabaki.

Tulikula sahani moja, kama ndugu. Na hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, kwenye ugali. Tonge lake lilikuwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Mimi nikimega, nikichovya, nikitafuna kwa adabu niliyofundishwa, yeye amekwisha kuvuka mlima na anashuka upande wangu. Unga tulichanga sawa. Kwa hiyo nilipomwona akivua shati jioni, nilitazama ile misuli nikajiambia kwamba nusu yake ni mali yangu, imehifadhiwa kwa mtu mwingine.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote kama si uji.

Kila siku saa nne asubuhi, msichana mmoja alikuja na sufuria kubwa ya uji wa wimbi, imefungwa gunia isipoe, akaketi karibu na lango la stoo. Alikuwa binti wa fundi wa injini. Uji wake ulikuwa na ukali kidogo, na cheko lake vilevile. Alikuwa na desturi moja, aliyoitunga mwenyewe: kila mpagazi akimaliza kikombe chake, alimwongeza upawa mmoja bila kuombwa. Aliuita nyongeza ya mgongo. Askari wa lango hakupata. Karani wa ndani alituma kikombe, kikarudi na kipimo chake tu. Ile nyongeza ilikuwa ya anayebeba.

Nisizunguke: nilimpenda. Na sikutaka mengi. Nilitaka siku moja tu, mbele ya wanaume wote wa stoo, aunyooshe upawa ule kwangu bila kuambiwa na aumimine katika kikombe changu cha bati. Mtu akipewa hivyo mbele za watu, hahitaji barua ya posa.

Siku moja nilijitia ujasiri nikamwuliza kama na mimi, basi, sina nyongeza yangu. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, safari ambayo kwangu ni ndefu lakini nyembamba.

"Karani," akasema, "wewe uji wenyewe ni mzigo. Nikikuongeza utabebwa na nani?"

Kicheko cha siku ile kilisikika Kisumu. Mwenzangu wa chumba naye alicheka, na juu ya mdomo wake kulikuwa na masharubu ya uji, masharubu ya nyongeza. Nililitazama lile povu la wimbi nikaona kama limepakwa kwa makusudi ya kuniudhi.

Wokovu wangu ulikuja umefunga mifupa. Jumamosi moja nilinunua mifupa ya supu, na mwenye bucha akaifunga kwa ukurasa wa gazeti la picha la kizungu. Nilipoifungua nyumbani nilimkuta mwanamume ukurasani, kifua kama milango miwili ya ghala, mikono imekunjwa, na kando yake maelezo ya jinsi mtu mnyonge anavyoweza kuwa vile akiwa nyumbani kwake. Niliukausha ukurasa juani, nikaubandika ukutani kwa ugali, nikaketi na kamusi yangu ya shule ya jioni. Shida ilikuwa moja. Mwenye bucha alikuwa ameuchana ukurasa kwenye kiuno cha yule mtu. Somo la kwanza lilikuwepo, kuinua uzito juu ya kichwa. La pili lilikuwepo, kuuvuta uzito mpaka kifuani. Somo la tatu lilianza kwa kusema "sasa inama," na baada ya hapo ilikuwa damu ya ng'ombe.

Niliwaza, nikaona kuinama ni adabu, mtu akimaliza kazi anashukuru. Kwa hiyo kila nilipomaliza masomo yangu mawili, niliinama mbele ya ukuta kama niliyepewa zawadi na mkuu wa shule. Niliyafanya hayo kwa miezi mitatu.

Uzito sikununua. Nilichukua madebe mawili ya mafuta ya taa yaliyotupwa, nikayajaza kokoto zilizomwagika kando ya njia ya reli, nikayaning'iniza kwenye kipande cha mkaratusi. Miaka ile ya hali ya hatari mtu hakuzurura jioni, maana kila kona palikuwa na askari anayetaka karatasi zako, basi nilijijenga nyuma ya landi alfajiri, kabla king'ora hakijalia. Kokoto zilitoa mlio kama gari moshi linaloacha reli. Mama wa chumba cha jirani alifungua dirisha akaniuliza kama nimeanza kupika mawe, na kama ni hivyo nimwite yakikaribia kuiva.

Chakula nacho nilikitafuta kwa akili. Wapagazi wengi hawakujua kuandika, na kila mmoja alikuwa na mke au mama mbali. Nikatangaza kwamba barua moja ni yai moja. Barua zangu zilikuwa na salamu za mbuzi, za mashamba, za majirani ambao mwenye barua hawajui, kwa sababu ukurasa wa pili ulikuwa yai la pili. Kuna familia kule Kakamega ambazo mpaka leo hushangaa kwa nini baba yao aliulizia afya ya kila jogoo. Nilipika yale mayai peke yangu mwenzangu akiwa bombani anaoga, nikafukia maganda. Sijivunii. Lakini nilijua kwamba yakifika kwenye sahani yetu moja, yatahamia mgongo usio wangu.

Na mikono ilikua! Hapo siongezi chumvi, au naongeza kidogo tu. Mikono ya shati ilianza kunibana, nikaikunja mpaka juu, nikawa napaka alama kwa mapigo marefu ya brashi, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Msichana wa uji aliona. Alisema, "Karani, siku hizi unavimba," akacheka, akanipimia kipimo changu kilekile.

Mwenzangu naye aliona. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya landi, mswaki wa mti mdomoni, ameshika mkaratusi wangu kwa mkono mmoja na anaupandisha na kuushusha kama anayepepea moto. Aliniambia ni kitu kizuri, kinaamsha damu. Ndani ya wiki tatu mabega yake yaliongezeka shubiri nzima. Kwa kokoto zangu! Nilizookota moja moja! Nilibeba madebe nikayaficha chini ya kitanda changu na kumwambia yametoboka. Alikwenda kubeba magunia yake na kunywa nyongeza yake.

Ijumaa moja, mpagazi mmoja alishikwa na homa, na behewa lilikuwa linangoja. Nilimwendea msimamizi nikamwambia nitashika nafasi. Alinitazama mikono, akainua mabega yake, akasema ni shauri langu. Ilikuwa saa nne. Sufuria ilikuwa langoni.

Mwenzangu alinivuta kando, akasema polepole wengine wasisikie, "Ndugu yangu, acha. Nyumba yako ina paa, haina nguzo."

Nilimjibu kwamba anaogopa tutagawana nyongeza kama tunavyogawana ugali, na safari hii nitakuwa wa kwanza kumega. Kwa kweli nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana wasiwasi, nikadhani ule ni wivu, umehama kwangu umekwenda kwake, nikamkaribisha.

Wawili waliinua gunia wakaniwekea shingoni. Mikono yangu ililikamata kama kufuli. Kifua kilisimama. Mpaka kiunoni nilikuwa yule mwanamume wa ukurasani, na kama mwenye bucha angekuwepo angenichana pale pale akanibandika ukutani. Ila kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa yuleyule wa zamani. Miguu yangu, ambayo hakuna aliyewahi kuifundisha lolote zaidi ya kuinama kwa shukrani, ilipiga hatua moja. Ikapiga ya pili. Kwenye ubao wa kupandia behewani, goti la kulia lilielekea Nairobi na la kushoto Eldoret, na mimi nikabaki Nakuru chini ya ratili mia mbili za mahindi.

Gunia lilipasuka. Punje zilimwagika mpaka chini ya magurudumu. Mwenzangu aliniondolea lile gunia kama mtu anayefunua chungu.

Msichana aliacha sufuria yake akaja na kikombe, kimejaa. Alishika upawa kwa mkono wa pili. Alipiga magoti, akanishikisha kikombe, nikanywa kidogo kwa sababu koo lilikuwa limejaa vumbi la gunia, na pale kikombe kilipopungua, mbele ya wanaume wote wa stoo, bila kuombwa, alinimiminia nyongeza.

"Kunywa, karani," akasema. "Pole. Umeumia."

Hakuna aliyecheka. Ningetoa mayai yangu yote wacheke. Miezi mitatu nilikuwa nimeungoja upawa ule, na sasa ulikuwa umekuja kama unavyokuja kwa mgonjwa. Sikuweza kuumeza. Nilisema nimeshiba nikanyoosha kikombe upande, popote, kiondoke.

Ndipo nikaona kwamba yeye hakuwa akinitazama tena. Alikuwa akimtazama mwenzangu. Na mwenzangu wala hakuwa amesimama kutunisha kifua. Alikuwa amepiga magoti chini ya behewa, anazoa mahindi yangu punje kwa punje na kuyarudisha guniani, mbiombio, kabla msimamizi hajafika na kunikata mshahara. Msichana alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kile kikombe nilichokataa, akakipeleka chini ya behewa. Mwenzangu alikunywa chote, akafuta mdomo, akaendelea kuokota.

Hilo nalo nililionea wivu. Misuli ningeweza kuijenga kwa kokoto. Ule wema wake sikujua unajengwa kwa debe gani.

Jioni nilitoa madebe chini ya kitanda nikayaweka katikati ya chumba. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, nilikosea wapi. Alitazama ukurasa ukutani, akaniuliza miguu ya huyu bwana iko wapi. Nikamweleza habari ya mwenye bucha. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na lazima nikiri kwamba mimi pia nilicheka.

"Mikono inalishika tu gunia lisidondoke," akasema alipopumua. "Miguu ndiyo inabeba."

Alinifundisha kuchuchumaa na debe la maji shingoni na kuinuka bila kulimwaga, kisha kulibeba hivyo kutoka bombani mpaka mlangoni. Msimu mzima wa masika nilirudi nyumbani nimelowa hadi viatuni. Mayai nilianza kuyaleta sahanini. Alikula mengi, kama nilivyohofia.

Mavuno yaliyofuata nilipandisha gunia zima behewani, ubao mzima, magoti yote mawili yakielekea upande mmoja. Niligeuka kutazama lango. Pale paliketi mama mmoja mzee, asiyemwongeza mtu yeyote. Yule msichana alikuwa kwao kwa maandalizi, maana mwenzangu alikuwa amemposa na amekubaliwa. Nilikuwa nayajua hayo. Barua ya posa niliiandika mimi, kurasa mbili, na nilikuwa nimelipwa mayai yangu. Niligeuka tu kwa mazoea.

Baada ya harusi, wapagazi walichanga gunia la mahindi kwa bwana na bibi arusi, nami nikasema nitalipeleka. Nililibeba peke yangu kutoka stoo mpaka chumba chao kipya, nikalitua mlangoni bila kelele. Bibi arusi alitoka, sasa ni shemeji yangu, akanikaribisha, akanipa uji katika kikombe cha udongo chenye maua. Nilipofika nusu, aliunyoosha upawa bila kuombwa.

"Nyongeza ya mgongo, shemeji."

Niliunywa wote, mpaka tone la mwisho. Ulikuwa umeungua kidogo kwa chini.

Halafu akamgeukia mume wake, akammiminia mara mbili. Mimi nilihesabu. Na mpaka leo, mwenzangu akija kunitembelea na kujaza mlango wangu wote kwa mabega yale, namkaribisha, namwekea kiti imara, na moyoni nasema nusu ya huyu ni ugali wangu.