Mzimu wa Kinu cha Ngano

Bura wa kijiji cha Hirbadaw hakuwa mwongo kwa tabia, alikuwa mwongo kwa mahitaji. Ilipotangazwa kwamba kila ng'ombe atavalishwa hereni yenye namba ili ahesabiwe, yeye alifanya kama babu zake waliochimba nyumba ndani ya mlima ili wavamizi wasione mifugo: alitafuta shimo. Na shimo alikuwa analijua. Ujanani alipakia magunia kwenye kinu cha ngano, enzi kile kinu kinanguruma na kijiji kizima kina unga kwenye nyusi. Kinu kikafa, wenye mashine wakaondoka, mabati yakang'olewa na watu ambao hadi leo hawajulikani, ingawa nyumba zao tunaziona. Ilibaki minara ya nafaka, na chini yake handaki refu ambamo mkanda ulipitisha ngano. Humo, kwa mteremko wa nyuma, Bura akawaingiza ng'ombe wake watatu.

Shida ni kwamba ng'ombe hafundishiki kunyamaza. Watu walipouliza ni nini kinacholia chini ya ardhi, Bura akawasimulia, kwa huzuni kabisa, habari za fundi aliyemezwa na mkanda. Hakuna fundi aliyemezwa na chochote pale, lakini kina mama walitokwa na machozi. Hakuna aliyesogea tena karibu na kinu, na Bura akawa analala usingizi mnono.

Kisha Marieta, mjane wa jirani yake, akafiwa na ng'ombe wake wa pekee. Akaja kuomba wa kukamua. Hilo huku si aibu: mwenye mifugo humkabidhi jirani ng'ombe amtunze, maziwa anakunywa mtunzaji, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ndiyo maana ukiona zizi la mtu usikimbilie kumwita tajiri, pengine nusu ni wa wengine.

"Marieta dada yangu," Bura alisema, "mimi mwenyewe nakunywa chai ya rangi." Na akainywa mbele yake, ili ashuhudie.

Uongo mtamu nao una miguu. Habari za mzimu zikafika Katesh, zikaingia kwenye simu, na asubuhi moja wakaja Sauda, binti wa mwenye duka la vitambaa, na mwenzake Felician. Starehe yao ilikuwa kuingia majengo yaliyoachwa na kuyapiga video. Mwenyekiti Nikolausi akaona kijiji kinapata jina, akamwita Bura awaongoze. Watu wakafuata hadi mlangoni, Marieta akiwemo.

"Shikamoo babu," Sauda alisema.

"Marahaba. Wanangu, humo kuna nyoka."

"Safi sana," Felician akasema, akiwasha tochi.

"Na popo. Na ngazi imeoza, na hewa ni mbaya."

"Babu, hivyo hivyo ndivyo tunavyotaka!"

Ndipo Bura alipoelewa kwamba dawa aliyoichanganya kufukuzia watu ndiyo iliyowavuta. Akatangulia. Wakapita kwenye ukumbi wa mashine, mbayuwayu wamejenga ndani ya faneli za kumwagia ngano, wakashuka ngazi hadi kwenye handaki. Mzimu ukalia. Felician akakumbuka kuna kitu amesahau kwenye pikipiki. Sauda akasonga mbele, akamulika, akaona macho sita na midomo mitatu inayocheua.

"Babu," akasema taratibu, "fundi wako ana pembe."

Ng'ombe walipomsikia Bura wakadhani ni saa ya maji, wakamfuata kwa ule mteremko hadi nje, mbele ya kijiji. Watu wakawazunguka.

"Mzee Bura," Nikolausi akauliza, "hawa ni wa nani? Si uliapa mkutanoni kwamba zizi lako ni tupu?"

Angekiri, angeaibika siku mbili na ng'ombe wangebaki wake. Lakini alikuwa ameapa kwa jina la marehemu baba yake, mbele ya watu hao hao.

"Si wangu. Nawatunza tu."

"Wa nani sasa?"

Macho yake yakazunguka yakitafuta mtu mpole, asiye na maneno, ambaye jioni atawarudisha bila kelele.

"Wa Marieta."

Marieta akawatazama ng'ombe. Akamtazama na Bura, ambaye jike mwekundu alikuwa anamlamba chumvi kwenye kiwiko.

"Ni kweli," akasema. "Asante sana Mzee Bura kwa kunitunzia. Mwenyekiti, kesho nawapeleka wakavalishwe hereni. Leo nawachukua nyumbani."

Bura akafungua mdomo. Kila neno lililokuwemo lilikuwa la kumfunga, akaufunga.

Tangu hapo, kila asubuhi Marieta humpelekea kibuyu kidogo cha maziwa, shukrani kwa mtunzaji, naye hukipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Wageni bado wanakuja na simu zao, na kwa kuwa handaki sasa liko kimya, Nikolausi alimwomba Bura ajifiche humo awalilie kidogo, ili kijiji kisipoteze jina. Bura alikubali. Wanaomsikia husema kilio kile hakifanani na cha kuigiza.