Mbegu Arobaini na Moja za Mideva

Mimi ni Risper, mke wa Philemon, na nalisema hili mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wambea wa Lurambi: Mideva tulimwonea.

Alikuwa mjane wa ndugu ya mume wangu, ana watoto watatu. Mwaka ule wa kwanza wa uhuru, muhogo wote wa boma letu uliugua. Majani yamekunjamana, yana madoa ya manjano, ukichimba unapata vijizizi kama vidole vya mtoto. Sisi tulikuwa na mahindi. Mideva je? Kipande chake kilikuwa mawe matupu, hakikubali kitu ila muhogo.

Bwana shamba alisema barazani kwamba ugonjwa unakaa kwenye vijiti tunavyopanda, kwenye mbegu haumo. Watu wakacheka. Nani ashawahi kupanda muhogo kwa mbegu? Mideva hakucheka. Alifunga vitambaa kwenye vitunda vya muhogo, maana vikikauka hupasuka na kurusha mbegu majanini. Msimu mzima akapata arobaini na moja. Akazilowesha, akasugua ganda la kila moja juu ya jiwe, akazifunga kwa kitambaa kibichi na kuzifukia katika lundo la mbolea ya ng'ombe zetu ili zipate joto. Mbona hakutuambia? Angetuambia tungemcheka, na mimi ningecheka kuliko wote.

Siku ya kumi na mbili ng'ombe wetu wa maziwa akafa. Philemon akafukua boma zima akitafuta uchawi, na jamani, akaupata.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Mbegu za muhogo. Tazama, zimeota! Kesho nazitia kitaluni."

"Muhogo haupandwangi hivyo. Umeniulia ng'ombe."

"Muulize bwana shamba."

"Nakuuliza wewe. Kama si uchawi, kula."

Mideva akanitazama. Nilikuwa nimemwona akizisugua zile mbegu jiweni, na alijua nilimwona. Neno langu moja lingetosha. Nikasema, "Si ule tu, dada, yaishe?" Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira ya maziwa.

Akaketi chini akala, moja moja, pamoja na vijizizi vyake vyeupe. Alipofika ya kumi akaomba aachiwe hata tano. Philemon akasema zote. Akazimaliza, akatapika hadi jioni, lakini hakufa.

Asubuhi Philemon alikwenda mlangoni kwake na wazee wawili, kuku mkononi.

"Shemeji, huna kosa," akamwambia. "Tumeridhika. Panda muhogo wako."

Mideva akapokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akachukua panga akaenda kukata vijiti kwenye ule muhogo mgonjwa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na hakuwa na kingine cha kupanda.